Mwaka Tuliomtafutia Chengo Kwao

Mwezi uliopita tulikutana tena wanne, nyumbani kwa Esha huko Mtwapa, na kabla kahawa haijamiminwa Kazungu aliniuliza kama Wanajoka hawajambo. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia majirani wa mtaa aliouhama, huku akipangusa miwani yake kwa ncha ya shati. Mkwe wa Esha, kijana mwenye adabu aliyekuwa akitupangia vikombe, alidhani ni ukoo fulani wa Mambrui, akaitikia kwa niaba yangu kwamba hawajambo wote, alhamdulillahi. Tulicheka mpaka Athmani, ambaye siku hizi hutembea kwa mkongojo, akauangusha. Kijana wa watu alitutazama mmoja mmoja kwa wasiwasi, asijue amekosea wapi, na mimi nikampenda papo hapo, maana uso ule wa wasiwasi ndio niliokuwa nikiuvaa kila siku nilipokuwa wa umri wake. Nikamwahidi kwamba nitamwandikia habari ya Wanajoka. Nimeianza mara nyingi na kuichana mara nyingi, kwa kuwa ugonjwa wangu wa kutaka kila kitu kinyooke haujapona, umezeeka tu pamoja nami. Safari hii naiacha iende ilivyo.

Ilikuwa Malindi, katikati ya miaka ya themanini, mtaa wa Shela, nyumbani kwa kina Athmani. Tulikaa katika ukumbi mrefu wenye mkeka mpana na dirisha la mbao lililotazama uchochoroni. Mlango wa nyuma ulifunguka uani, na uani ndiko Bi Khadija, mama yao Athmani na Esha, alikokuwa akipika na kusikiliza. Hakuna neno lililosemwa ukumbini lisilofika uani, na machache ya uani yalikosa kufika kwetu pamoja na harufu ya iliki na mafuta ya nazi. Athmani alikuwa mkubwa wetu. Alihudumu mezani katika hoteli moja ya ufukweni, na mgeni mmoja, mwalimu wa huko Ulaya, alimwachia siku ya kuondoka kisanduku cha mchezo ambao hakuna aliyeujua mjini. Haukuwa na ubao wala kete za kula. Mmoja huwa msimulizi: ndiye anayesema mko wapi, mnaona nini, na nani amesimama mbele yenu. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, humsemea na kumwamulia, na panapokuwa na shaka hutupwa dadu. Vijitabu vilikuwa vya Kiingereza, lakini Athmani alikuwa akivisoma kwa macho na kuvitoa mdomoni vikiwa Kiswahili cha kwao, kwa hivyo mashujaa wetu waliingia ngome za mawe zenye theluji na kupokewa kwa mahamri na mbaazi. Jumamosi baada ya alasiri tulikuwa hapo, mpaka adhana ya magharibi itutoe.

Mimi nilikuwa nimeacha shule mapema na kujifunza peke yangu kuandika vibao vya maduka. Sikuwa na fundi wa kunielekeza. Nilitembea mitaani nikitazama herufi za wengine, nikirudi nyumbani naziiga kwa makaa ukutani. Nilikuwa mwandishi mzuri na mtu wa kuchosha. Kibao cha kinyozi nilikifuta na kukirudia hata kinyozi mwenyewe akaniomba nikiache kikiwa kimepinda, wateja wake hawaji kusoma. Kuzungumza na watu kulinipa kijasho. Kila sentensi niliipima kwanza kichwani, na nilipokuwa nimeridhika nayo wenzangu walikuwa wameshahamia habari nyingine. Ukumbini mle tu ndimo nilimosema bila kupima, kwa sababu aliyesema si mimi, alikuwa mganga wangu wa kubuni, mzee mmoja mwenye maneno mengi. Nakiri bila haya kwamba wiki nzima niliishi kwa ajili ya Jumamosi.

Kazungu, aliyekuwa akijenga nyumba na mjomba wake upande wa Sabaki na kuja kwa baiskeli akiwa bado na saruji kwenye nyusi, alichagua kuwa Mwanajoka. Hao kijitabu kiliwaeleza kama watu wenye miili ya watu, ngozi za magamba, vichwa vya joka, na moto vinywani. Kazungu akampa wake jina la Chengo na kumfanya shujaa mwenye majivuno. Shida ilikuwa moja. Athmani alisimulia kama mtu wa pwani, na kwa mtu wa pwani mlinzi wa lango hawezi kumpitisha mgeni kabla ya kumsalimu, kumuuliza habari za safari, na kumuuliza kwao ni wapi. Esha, ambaye mtu wake alikuwa mwizi mstaarabu aitwaye Bi Kimya, alijibu mara moja. Mganga wangu alijibu kwa hotuba. Chengo hakuwa na la kujibu, maana kijitabu kilisema tu kwamba Wanajoka walitoka mbali. Miji ikafuatana, milango ikafuatana, na swali ni lile lile, hata siku moja Kazungu akaweka dadu chini.

"Mino nimechoka," akasema, 'mimi' yake ikimtoka kwa Kigiriama cha kwao. "Kila mlango naulizwa kwetu, nasimama kama mwizi. Na Bi Kimya ndiye mwizi, naye ana kwao."

Athmani akanigeukia mimi. "Swaleh, mtafutie huyu kwao."

Kisha akatuambia alilokuwa amelificha. Amepata kazi Mtwapa, atahama baada ya Idi Kubwa. Kisanduku angekichukua, kwa sababu bila msimulizi kingebaki dadu na karatasi. Lakini kama nitaijenga nchi ya Wanajoka, na kuisimulia mwenyewe mbele ya wenzangu hata waipende, basi kisanduku kitabaki ukumbini na mchezo utaendelea chini yangu. Esha alipiga kofi la furaha. Mimi nilielewa kwamba Jumamosi zangu zote, za mwaka ule na za miaka iliyofuata, zimewekwa juu ya kitu ambacho bado hakipo, na kwamba anayetakiwa kukileta ni mtu anayeogopa kuagiza chai mkahawani.

Nikajenga kama mwendawazimu. Nilifungua mifuko ya saruji aliyoniletea Kazungu, nikaikung'uta na kuiunganisha kwa gundi ya unga, na juu yake nikachora mji kwa mabaki ya rangi zangu za vibao. Sikuwa nimewahi kuona mlima, kwa hivyo niliazima mmoja kutoka kalenda ya duka la vitambaa. Mitaa niliinyoosha kwa rula. Kila nyumba ilikuwa na kisima chake, ghala lake na ukuta wake. Nilitunga sheria, nikatunga sikukuu, nikatunga namna ya kusalimiana. Hapakuwa na mtu mwenye njaa, wala mgomvi, wala paa linalovuja. Na kwa kuwa kila mmoja wao ana moto kinywani, niliandika kwa fahari kubwa kwamba Wanajoka hawahitaji kuni, wala makaa, wala kiberiti, wala hisani ya mtu. Nikiitazama karatasi ile ikikauka nilihisi kwamba hatimaye nimefanya kitu kisicho na kosa. Hata sasa nikifumba macho naziona zile barabara, safi kama kitanda cha hospitali.

Jumamosi yenyewe Athmani alinipisha mahali pa msimulizi. Sauti ilinitetemeka, lakini niliwafikisha. Nikawaambia kwamba mvua imewanyea njiani, nguo zimewalowa, na mbele yao mji unang'aa. Mlinzi akamtazama Chengo, hakumuuliza kitu, akamwambia karibu kwenu. Kazungu akashangilia. Akaingia mjini akitaka kusaidia mtu, lakini hapakuwa na aliyetaka msaada. Akataka kuuza upanga, kila mtu alikuwa na wake. Akasalimu, akajibiwa kama nilivyotunga, na yule aliyejibu akaingia nyumbani akafunga mlango. Kwa kila walilojaribu nilikuwa na jibu zuri, na kila jibu zuri lilifunga mlango mwingine. Kazungu alianza kwa kukaa wima, akaegemea kiwiko, mwisho akalala chali kwenye mkeka na kuweka sahani ya kachiri za muhogo kifuani.

"Kwetu kuzuri mno," akaiambia dari. "Naomba nirudi ugenini."

Wakati huo Bi Khadija akaita kutoka uani. Seredani imezima, Esha aende kwa Mama Saumu akaombe moto, na asikae huko. Esha akachukua kigae na kutoka, na bila shaka akakaa. Tulimsikia ng'ambo ya ukuta akicheka. Aliporudi alikuwa na makaa mawili mekundu juu ya kigae, bakuli la achari ya embe, habari kwamba binti wa Mama Saumu ameposwa na mama mtu bado hajasema ndiyo, na ujumbe kwamba chekecheke lake aliloazimwa Bi Khadija tangu Ramadhani sasa linatosha kuchekecha, lirudi. Bi Khadija akasema Mama Saumu ni mtu wa maneno, akacheka naye. Esha akaosha mikono, akaketi, akapokea dadu.

"Haya. Bi Kimya amelowa na anatetemeka. Nachukua kigae, nakwenda nyumba ya kwanza, napiga hodi. Naomba moto."

Nikamweleza kwamba hawatamwelewa, hapo wote wana moto vinywani.

"Hata wenyewe kwa wenyewe? Hakuna anayeomba moto kwa mwenziwe?"

"Hakuna haja," nikasema, nikimwonyesha mahali nilipoandika.

Esha hakutazama nilipomwonyesha. Alinitazama mimi. "Basi wamejuanaje?"

Nikaanza kupekua maandishi yangu. Nilikuwa na jibu la kalenda yao, la mavazi yao, la idadi ya ngazi za hekalu. Sauti ya Bi Khadija ikaingia kutoka uani, bila ukali wowote, katikati ya mlio wa mafuta. "Hao hawajuani, mwanangu. Wanalala karibu tu."

Niliinuka kuaga kabla chakula hakijatoka, kama ilivyokuwa desturi yangu, kwa kuwa nilichelea kula vibaya mbele za watu. Athmani alinisindikiza hadi uchochoroni. Aliniambia kwamba nyumba nimezijenga, waliobaki ni watu, na kwamba imebaki Jumamosi moja kabla hajafunga mizigo. Nyuma yake Bi Khadija akapaza sauti: Swaleh huyu kila siku yuaja kama mtu aliyefuata moto, lini atakaa? Nilikwenda zangu nikiwaka masikio. Nilitaka kuuchoma mji wote, na nadhani ningeuchoma kama karatasi zile zisingekuwa za Kazungu.

Wiki ile nilikuwa na kibao cha bucha. Nilikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, nikimfikiria Bi Khadija na methali yake ya mfuata moto asiyekaa, na ghafla nikaona kwamba methali ina ukweli wake lakini Esha ana ukweli zaidi. Yeye alifuata moto, na alikaa. Kiberiti kilikuwapo nyumbani kwao, mimi mwenyewe nilikiona juu ya dirisha. Kumbe walikwendeana kwa makaa kwa sababu makaa hayaji peke yake. Huja na achari, na posa, na masimango ya chekecheke. Mimi niliwapa watu wangu kila kitu, nikawanyang'anya sababu ya kubisha hodi. Na niliwajenga hivyo kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyotaka kuishi: nisimwombe mtu, nisionekane nimepungukiwa. Nchi yangu isiyo na kosa ilikuwa chumba changu mwenyewe, kikiwa kimezidishwa mara elfu. Mwenye bucha akaniuliza nacheka nini huko juu. Nikashuka bila kunyoosha mkia wa herufi ya mwisho, na kibao kile kilikaa hivyo miaka mingi, mkia umepinda, na nyama ikauzwa vile vile.

Sikuchora mji mpya. Niliuacha ule ule na kubadili jambo moja. Jumamosi ilipofika, mvua ikawanyea tena njiani, na Kazungu, aliyekuwa ameshaanza kujilaza, akasema kwa uvivu kwamba Chengo anapuliza moto ajikaushe.

"Unatoka moshi mwembamba," nikamwambia. "Halafu hautoki tena."

Kazungu akaketi. Akatupa dadu, akaitupa tena bila kuruhusiwa. Moto haukutoka. Wakafika langoni, na mlinzi, kikongwe wa Kijoka mwenye kanga begani, hakumuuliza Chengo kwao ni wapi. Alimuuliza nani alimwasha. Nikaieleza sheria mpya, na sauti yangu, sijui ilitoka wapi, haikutetemeka. Mwanajoka huzaliwa baridi. Hawezi kujiwasha mwenyewe, wala mamake hawezi kumwasha. Anayemwasha ni jirani, mbele ya mtaa mzima, na tangu siku hiyo wawili hao wana haki ya kuingiliana nyumbani bila kungoja karibu. Mvua humzima, msiba humzima, safari ndefu humzima. Akizimika hubisha hodi kwa mwenzake. Kwa hivyo hakuna Mwanajoka anayeweza kununa muda mrefu, maana masika yaja.

Uani kinu kilinyamaza. Nikajua kwamba hata Bi Khadija yumo.

Chengo hakujua nani alimwasha, na ilimbidi aulize mlango hadi mlango. Sasa kila mlango ulikuwa na mtu nyuma yake. Mmoja alimwambia angemjibu, ila kwanza ampatanishe na kaka yake, aliyezimika siku nyingi na anakula chakula kibichi kwa kiburi. Mwingine, mama mnene wa Kijoka, alikataa kumpulizia jirani yake mpaka jirani arudishe chekecheke. Esha akaangua kicheko.

"Hilo chekecheke nitalipeleka kesho," Bi Khadija akasema kutoka uani. "Msinisimange nyumbani kwangu."

Tulikwenda hivyo alasiri yote. Bi Kimya aliiba chekecheke na kulirudisha kwa mwenyewe, wizi wa kwanza wa halali katika maisha yake. Kazungu alibembeleza, akaapa, akapiga magoti mkekani, akachekwa na akina mama wa Kijoka kwa Kigiriama alichonisaidia mwenyewe kukitamka. Hatimaye kikongwe mmoja akamkumbuka: wewe si yule mtoto wa kina Chengo, uliyepiga chafya ulipowashwa ukaunguza ushungi wangu? Kazungu akasema "Vidzo!", vema kabisa, kama mtu aliyeambiwa habari za kweli, kisha akauliza swali ambalo sikulitayarishia jibu. Nyumba yao ilikuwa ipi?

Niliutazama mji wangu. Kila kiwanja kilikuwa kimejaa, kila nyumba ina jina nililoipa mimi. Kijasho kile cha zamani kikaanza shingoni. Ningeweza kubuni jibu, na lingekuwa zuri. Badala yake nilichukua brashi, nikaichovya katika rangi nyekundu iliyobaki ya bucha, nikampa Kazungu. "Sijui," nikasema. "Niambie wewe."

Kazungu aliishika brashi kama mwiko wa ujenzi. Akachora nyumba katikati ya barabara yangu iliyonyooka kuliko zote, kubwa kupita hekalu, mlango umeelekea pembeni kwa sababu, alisema, bibi yake hapendi kukaa penye upepo. Esha akampokonya brashi akaweka njia ya panya kutoka kwa kikongwe hadi kwa kina Chengo, kwa kuwa anayebeba kaa la moto hazunguki. Bi Khadija, aliyekuwa amesimama mlangoni na unga mikononi, akauliza choo kiko wapi, nikaonyesha, akaguna, kikahamishwa mbali na kisima. Rangi ilidondoka kwenye mlima. Niliona kila doa, siwezi kusema uongo, na mkono uliniwasha kutaka kufuta. Lakini walikuwa wakibishana juu ya mji ule kama watu wanaobishana juu ya mpaka wa shamba, na mimi nilikuwa nikicheka.

Athmani alikuwa ameketi kando kama mgeni, miguu ameikunja, na kisanduku kiko magotini mwake. Akakiweka chini, mbele yangu, akavuta karatasi tupu na penseli, akahamia upande wa wachezaji kati ya dadake na Kazungu. Tangu tuanze mchezo sikuwahi kumwona upande ule. Alifikiri kidogo, akapiga mkeka kwa vidole, kama mtu abishaye mlango.

"Mimi ni Mwanajoka mzee," akasema. "Natoka safarini, nimezimika. Hodi."

Nikamwambia karibu, na Kazungu akalalamika kwamba zamu ilikuwa yake.